Goti Liumalo na Tiba ya Mazoezi

Leo twataka kueleza habari za ugonjwa mmoja ulioenea sana, nao ni ule uumao magoti ya watu wazima. Wengi huuita baridi yabisi, na wengine husema ni uzee tu. Kwa kuwa huitwa uzee, aghalabu hautafutiwi tiba; na kwa kuwa huitwa baridi, mgonjwa hufunikwa blanketi na kukalishwa karibu na moto. Neno tutakalosema ni moja, nalo tutalithibitisha kwa hoja: goti la namna hii halitaki kukalishwa, bali lataka kazi, kazi ya kipimo, yenye kufundishwa na kuongezwa kidogo kidogo.

Sisi si madaktari, ni walimu. Lakini mambo haya si siri ya madaktari peke yao, na sehemu kubwa ya tiba yenyewe ni mafundisho. Kwa hiyo twaona yatuhusu.

GOTI LILIVYOUMBWA

Aliyepata kuchinja mbuzi na kukata kiungo cha goti ameliona kwa macho jambo ambalo wanafunzi huliona kwa picha. Ncha za mifupa hazikuachwa wazi. Zimevikwa kitu cheupe, laini, chenye kung'aa na kuteleza, kiitwacho gegedu. Goti la mtu ni makutano ya mifupa mitatu: mfupa wa paja kwa juu, mfupa wa muundi kwa chini, na ule mdogo wa mbele uitwao pia ya goti. Kati ya paja na muundi mna vipande viwili vya gegedu gumu vyenye umbo la mwezi mwandamo, navyo hugawanya uzito usielemee mahali pamoja. Mfuko wenye ute umekizunguka kiungo hiki, na ute huo wafanya kazi kama mafuta katika gurudumu la baiskeli. Kisha ziko kano zifungazo mfupa kwa mfupa, na misuli iliyo imara kuliko yote, ile ya mbele ya paja, ambayo hulinyosha goti na kupokea kishindo mguu ukanyagapo chini.

Gegedu lina jambo moja la kustaajabisha: halina mishipa ya damu. Basi chakula chake hukipata wapi? Hukipata katika ule ute. Tazameni dodoki lililotiwa majini. Ukilibana hutoa maji, ukiliachia hunywa maji. Ndivyo lilivyo gegedu. Mtu akanyagapo hubanwa, ainuapo mguu huachiliwa, na katika kubanwa na kuachiliwa huko hulishwa. Goti lisilotumika, basi, lanyimwa chakula chake.

JINSI LINAVYOHARIBIKA

Ugonjwa tunaousema, madaktari huuita osteoathraitisi. Katika ugonjwa huu gegedu hupungua na kukwaruzika, mfupa ulio chini yake huwa mgumu na kuota vijipembe kandokando, mfuko wa goti huvimba mara kwa mara, na misuli ya paja hudhoofika. Zamani ilidhaniwa ya kuwa huku ni kuchakaa tu, kama chumavyo kiatu au gurudumu. Siku hizi yajulikana kwamba sivyo hasa. Kiungo ni kitu chenye uhai. Hujitahidi kujitengeneza, na gurudumu halijitengenezi. Tofauti hii ni kubwa, kwa maana mtu aaminiye kwamba goti lake ni kiatu kilichochakaa ataogopa kulitumia asije akalimaliza.

Sababu zake ni nyingi. Umri ni mmoja, lakini si pekee. Uzito mkubwa wa mwili ni sababu. Goti lililopata kuumia ujanani ni sababu. Kazi ya miaka mingi ya kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito ni sababu. Na urithi wa wazazi nao umo. Wanawake hupatwa kuliko wanaume. Baridi ya hewa siyo iliyouleta.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2019 watu wapata milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu katika viungo mbalimbali, na kati yao milioni 365 waliugua magoti. Katika kila wagonjwa 100, wapatao 73 walikuwa wamepita miaka 55, na 60 walikuwa wanawake.

Mgonjwa huutambua hivi: goti humuuma atembeapo, apandapo kilima au ainukapo kitini, na hupata nafuu apumzikapo. Asubuhi huwa gumu, lakini ugumu huo kwa kawaida hautimizi nusu saa. Likikunjwa hutoa mlio wa kukwaruza, na baada ya kazi nyingi huenda likavimba.

HATARI YA HURUMA ISIYO NA MAARIFA

Hebu tufikirini mama mzee katika mji wowote wa kwetu. Goti lamwuma. Watoto wake, kwa mapenzi, wasema, "Mama, usiende tena kisimani. Mama, jembe liache, sisi tupo. Mama, keti, chakula utaletewa." Nani atawalaumu? Wamelelewa vema. Lakini tuangalie yanayofuata.

Misuli isiyotumika hukonda upesi. Baada ya miezi michache paja la mama limenywea. Sasa ainukapo mkekani goti hutetemeka, kwa sababu hakuna wa kulishika, na kila kishindo chaingia moja kwa moja kiungoni. Maumivu yazidi. Kwa kuwa yamezidi, akaa zaidi. Kwa kuwa akaa zaidi, misuli yazidi kukonda. Hatimaye ashindwa kwenda msalani peke yake, ashindwa kufika sokoni na kwa jirani zake, na moyo wake wavunjika. Tena kukaa kitako hakumletei udhaifu wa miguu tu. Huongeza unene, na humkaribisha ugonjwa wa sukari na wa msukumo wa damu.

Yafaa kusema wazi: mara nyingi goti lenyewe halikumlaza mama huyu. Kilichomlaza ni kule kukalishwa. Na mzunguko huu, kama ulivyo na njia ya kuingilia, una njia ya kutokea, nayo ni kuyarudishia mapaja nguvu zake.

TIBA YA UTENGEMAO

Kuna tawi la uganga liitwalo tiba ya utengemao. Kutengemaa ni kurudi katika hali ya kufaa. Daktari wa upasuaji huuliza, "Ni kitu gani kilichoharibika, nikikate au nikibadili?" Mtaalamu wa utengemao huuliza swali jingine: "Ni kazi gani unayoshindwa kuifanya, na tufanyeje uiweze tena?" Humpima mgonjwa nguvu za miguu, hutazama mwendo wake, humwuliza juu ya kazi zake za nyumbani na shambani, kisha humpangia mazoezi na vifaa vya kumsaidia. Hospitalini mwenye kazi hii ya mazoezi huitwa mtaalamu wa fiziotherapia. Watu hawa hufundishwa hata katika nchi zetu, kama vile kule KCMC mjini Moshi, na katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha habari za askari aliowatibu katika hospitali ya jeshi mjini Chicago. Wengi walikuwa wameumia magoti, na mapaja yao yalikuwa yamekonda. Desturi ya siku zile ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiwa mara nyingi sana. DeLorme alifanya kinyume: aliwapa uzito wa kutosha, wa kuinuliwa mara chache, akauongeza kadiri nguvu zao zilivyoongezeka. Misuli ikarudi. Sisi walimu twaielewa njia hiyo mara moja, kwa kuwa ndiyo yetu: mtoto haanzi na hesabu za darasa la nne, wala habaki siku zote na zile za darasa la kwanza.

Askari wale walikuwa vijana walioumia vitani, si wazee wenye osteoathraitisi. Je, mzee naye aweza? Mwaka 1997 zilitolewa habari za jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 439 wenye miaka 60 na zaidi, wote wagonjwa wa magoti. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kutembea, la pili mazoezi ya kuinua uzito, na la tatu mafundisho ya afya kwa maneno tu. Baada ya miezi 18 makundi mawili ya mazoezi yalikuwa na maumivu machache na uwezo mwingi kuliko lile la maneno. Nafuu haikuwa ya kupita kiasi, lakini ilikuwa ya kweli, nayo ilipatikana bila kisu.

Mfano ulio mzuri zaidi kwetu watokea nchi ya Denmark. Huko, mwaka 2013, wataalamu Ewa Roos na Søren Skou walianzisha mpango uitwao GLA:D. Mgonjwa hupewa kwanza masomo mawili ya kumweleza ugonjwa wake ulivyo, ili hofu imtoke. Kisha hufanya mazoezi pamoja na wenzake mara mbili kwa juma, kwa majuma sita, yaani mara 12, mbele ya mtaalamu awasahihishaye. Baadaye huendelea mwenyewe. Mpango huo umekwisha kuenea katika nchi nyingine, kama Kanada na Australia. Angalieni mpangilio wake: somo kwanza, zoezi baadaye. Mtu asiyejua kwa nini anainua mguu ataacha kuuinua siku ya tatu.

MAZOEZI YENYEWE

Haya ni mazoezi matano yaliyozoeleka, nayo hayahitaji mashine. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliye dhaifu sana, na amwulize mganga wa hospitali kabla ya kuanza.

La kwanza: keti kitini. Nyosha goti polepole hata mguu usimame sawasawa mbele yako. Hesabu moja mpaka tano, kisha shusha polepole. Fanya mara kumi kwa kila mguu. Likiwa rahisi, funga kifundoni mfuko wa mchanga wa nusu kilo.

La pili: inuka kitini kisha uketi tena, bila kujisukuma kwa mikono, na kuketi kuwe polepole kuliko kuinuka. Fanya mara kumi. Ukishindwa, tafuta kiti kirefu zaidi, au tumia mikono kwanza.

La tatu: simama kizingitini au penye kidaraja kifupi, ushike mwimo wa mlango. Panda kwa mguu mmoja, kisha shuka. Mara kumi kila mguu.

La nne: lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Inua kiuno mpaka mwili unyoke toka mabegani hata magotini. Hesabu tano, shusha. Mara kumi.

La tano: tembea mahali tambarare. Anza na dakika kumi, uongeze dakika chache kila juma.

Yale manne ya kwanza hufanywa siku mbili au tatu katika juma, na siku ya kupumzika iwe katikati. Kutembea kwaweza kufanywa karibu kila siku.

Sasa laja swali ambalo kila mgonjwa huuliza: "Nikifanya na goti likauma, je, naliharibu?" Jibu ni la kipimo. Fikiri ngazi yenye vidato kumi: sifuri ni kutoumwa kabisa, na kumi ni maumivu yasiyovumilika. Maumivu wakati wa zoezi yakiwa chini ya kidato cha tano, huruhusiwa kuendelea, mradi katika saa 24 yarudi kama yalivyokuwa kabla. Yakipita hapo, au yakidumu hata kesho yake, usiache. Punguza tu kiasi, kisha panda tena taratibu. Hivyo ndivyo wafundishavyo hata huko Denmark.

Mtu asitazamie nafuu kwa siku tatu. Na ajipe majuma sita mpaka kumi na mawili kabla ya kuhukumu. Tena ajue ya kuwa mazoezi haya ni kama kula: faida ya chakula cha jana haitoshi kwa mwezi ujao.

FIMBO, UZITO NA KAZI ZA KILA SIKU

Wengi huona haya kushika fimbo. Lakini mwaka 2012 ilitolewa habari ya jaribio lililofanywa Brazili kwa wagonjwa 64. Waliotumia fimbo kwa miezi miwili walipungukiwa na maumivu. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande ulio mzima, siyo wa upande wa goti bovu, na huenda mbele pamoja na ule mguu mbovu. Urefu wake ufike penye kiwiko cha kiganja, mtu asimamapo wima na mkono wake ukining'inia. Katika kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Katika kushuka, mguu mbovu hutangulia.

Aliye mnene atapata faida kubwa kwa kupungua. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walipima wakaona kwamba kila kilo moja ipunguayo mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Basi aliyepungua kilo tano amelitua goti kilo 20 kila akanyagapo, na hatua za siku moja ni maelfu. Kwa aliye mwembamba neno hili halimhusu. Yeye asijinyime chakula, maana misuli haijengwi kwa njaa.

Kazi za nyumbani zaweza kutengenezwa badala ya kuachwa. Jembe litiwe mpini mrefu. Palizi ifanywe mtu ameketi juu ya kigoda kuliko kuchuchumaa. Ndoo moja kubwa igawanywe iwe safari mbili za ndoo ndogo. Msalani isimikwe nguzo imara ya kushika wakati wa kuinuka. Kwa namna hii mama hubaki na kazi yake na heshima yake.

DAWA, SINDANO NA KISU

Hatusemi kwamba dawa hazina kazi. Dawa ya kupaka na vidonge vya kutuliza uvimbe huweza kumpa mtu nafasi ya kuanza mazoezi. Lakini vidonge kama aibuprofeni na diklofenaki, vikimezwa ovyo kwa muda mrefu, huumiza tumbo na figo. Visinunuliwe dukani kama pipi. Sindano ya goti nayo hutuliza kwa muda. Mwaka 2020 ilichapishwa habari ya wagonjwa 156 katika hospitali za jeshi la Marekani: nusu walipewa sindano, nusu tiba ya viungo na mazoezi. Baada ya mwaka mmoja waliofanya mazoezi walikuwa na nafuu kuliko wenzao.

Habari ya kisu yataka kuangaliwa kwa makini. Kuna upasuaji mdogo wa kuingiza bomba lenye taa gotini na kusafisha ndani. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, katika Marekani, walitoa habari ya wagonjwa 180. Baadhi walisafishwa kweli, na baadhi walichanjwa ngozi tu wasijue. Kwa miaka miwili waliofuatwa, waliosafishwa hawakuwazidi waliochanjwa ngozi.

Upasuaji mkubwa wa kubadili goti ni jambo jingine, nao huwafaa wale walioharibika sana. Mwaka 2015 Skou na wenzake walieleza habari za wagonjwa 100 wa Denmark, ambao wote walistahili kubadilishwa goti. Nusu walipasuliwa kisha wakafanya mazoezi. Nusu walipewa mazoezi, mafundisho, mashauri ya chakula na dawa tu. Baada ya mwaka waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, lakini walipatwa na madhara makubwa mengi zaidi. Na katika wale 50 wasiopasuliwa, 13 tu walikwenda kupasuliwa katika mwaka ule, 37 hawakwenda. Fikirini: hao ni watu waliokuwa wamekwisha kufika mlangoni pa chumba cha upasuaji. Basi sisi tukaao mbali na hospitali kubwa tuna sababu zaidi ya kuanza na lile lililo karibu.

DALILI ZISIZONGOJA

Si kila goti liumalo ni la ugonjwa huu. Goti likivimba ghafula, likawa la moto, na mtu akashikwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda usaha umo ndani. Aliyeanguka asiweze kukanyaga, asikandwe, apelekwe. Goti likikwama lisinyoke, au mtoto akichechemea na goti limevimba, au viungo vingi vikivimba pamoja na ugumu wa asubuhi upitao saa nzima, hayo yote ni ya mganga wa hospitali, wala si ya mazoezi ya nyumbani.

NENO KWA WANAFUNZI

Ninyi mlio shuleni mwajua kusoma, na pengine nyumbani kwenu bibi au babu hajui. Msomeeni maneno haya mara mbili, polepole, na mmwache aulize. Kisha mwombeni aketi kitini anyoshe goti, nanyi mhesabu moja mpaka tano kwa sauti. Andikeni katika daftari siku na idadi: leo mara tatu, juma lijalo mara tano, mwezi ujao kumi. Akisema goti lauma, mwulizeni ni kidato cha ngapi, nalo mliandike. Daftari hilo litamfaa hata mtaalamu wa hospitali, siku atakapopata nafasi ya kumwona.

Na watoto waliokwisha kuwa watu wazima, wenye kumhurumia mama yao, twawaomba jambo moja: kesho akitaka kwenda kisimani, msimzuie. Mpeni ndoo ndogo na fimbo, mfuatane naye, na mwendo uwe wake.